Meza Iliyofungwa ya Mwanvita

Miaka ile ya Zaïre nilikuwa napita-pita, leo Kavumu, kesho Mudaka, na kila nikirudi Bukavu nilipumzika kwenye kisoko kidogo chini ya mtaa wa Nyawera, kando ya meza ya Mwanvita. Aliuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu wa ziwa. Ni binti wa Waislamu wafanyabiashara wa Uvira. Aliolewa Kigoma, akafiwa na mume, akarudi kwetu mwaka 1976 na watoto watatu.

Kigoma ndiko alikojifunza kusoma, akiwa na miaka arobaini tayari. Alisema watu wa kule hawana shaba wala dhahabu, lakini jioni wazee wanakaa darasani, wanafundishwa kwa Kiswahili chao. Sisi tuko na madini na wakubwa wenye diplôme, halafu mama wa sokoni akipata barua ya mtoto wake anaifunga kwenye pindo la kikwembe alichojifunga, anazunguka nayo siku tatu akitafuta wa kumsomea. Siri ya nyumba yake inajulikana kwanza na mtu wa njiani. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wa njiani, najua ninachosema.

Mwanvita alikataa hayo. Mchana, soko likipoa, alikusanya wamama sita, akawaandikia herufi kwa makaa juu ya kartoni.

Habari ikafika kwa wakubwa. Akaja agent mmoja wa serikali, citoyen Kalume, yaani raia Kalume, ndani ya abacost, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, imepigwa pasi vizuri.

“Maman, nani alikupa autorisation ya kufundisha?”

“Na wewe, nani alikupa ya kunikataza?”

“Unafundisha luga ya soko. Kusoma ni Français. Tena unasifu Tanzania, watu wa nguo za viraka, mbele ya Zaïre yenye université.”

“Papa, ile université iko mbali na meza yangu. Kamata wamama kumi wa Kigoma, kamata kumi wa hapa, uwapatie barua. Utaniambia nani iko na viraka.”

Wamama wakacheka ndani ya vikwembe. Kalume akatoa chaki, akachora musalaba mkubwa juu ya meza. Ndiyo ilikuwa desturi yao: meza ikifungwa ni musalaba tu, maana waliamini hakuna wa kusoma. Na meza ile ndiyo iliyolisha watoto wa Mwanvita.

“Futa,” akasema Mwanvita. “Hapa tunasoma. Andika maneno.”

“Atasoma nani? Wewe peke yako.”

“Andika, utaona.”

Kwa kiburi Kalume akaandika: *Meza hii imefungwa*. Mwanvita akamuonyesha Agathe, mama wa Mudaka muuza sombe, majani ya muhogo, mwenye miezi minne tu ya kujifunza. Agathe akasogea, kidole juu ya mbao.

“Me-za hi-i i-me-fu-ngwa.” Akarudia haraka. Halafu akatafuta chini ya maneno, upande huu na ule. “Citoyen, sababu iko wapi?”

“Sababu munaijua.”

“Tunaijua. Iandike, na jina yako chini, wengine nao wasome.”

Kalume akarudisha chaki mfukoni, akaenda.

Meza ilikaa imefungwa miezi mitatu. Mwanvita alitandika gunia chini, akauza ndagala palepale, na darasa halikulala hata siku moja. Mvua ikififisha maneno ya Kalume, aliyaandika upya kwa makaa, sababu kila mama mupya alianzia hapo kusoma.

“Ni kitabu ya serikali,” Agathe aliwaambia. “Musiogope, shika kwa kidole.”