Taa ya Vifaranga

Kwa miaka ishirini, mtu akivimba kiungo pale Majengo alipelekwa kwa Verediana. Alikanda kwa maji ya moto na mafuta ya ufuta, wala hakudai kitu. Aliyepona alirudi mwenyewe na kuku wa shukrani. Kuku hao ndio waliokuwa cheti chake, na kila mmoja alimwita kwa ugonjwa aliouponya. "Yule mwekundu ni goti la Thadei," angekuambia, "na yule pale ni bega la Otto."

Mwaka huu homa ya virusi ilipita mtaani. Homa ikaondoka, uvimbe ukabaki magotini. Verediana alibandika sufuria za maji, akangoja. Watu wakapita mlangoni pake wakichechemea hadi nyumba ya tatu, kwa Judica, mtaalamu wa viungo aliyehamia kutoka Moshi na taa nyekundu ya kutuliza uvimbe.

Verediana akawa anafagia uwanja mara tatu kwa asubuhi moja, apate kuona nani anaingia kule. Siku moja alimwona Thadei, goti lake la zamani, anaingia na kuku mkononi. Ufagio ulimdondoka.

Wiki hiyo alikuja Mama Mwanahawa, mteja wake wa kwanza kabisa.

"Mwanangu Vere, usinune. Wananiambia nijaribu na ile taa."

"Taa tu, Mama? Hata mimi ninayo."

Akaenda bandani, akafungua taa nyekundu iliyowapasha vifaranga joto. Nyekundu si nyekundu tu? Akaiwasha, akaisogeza karibu na goti la mama lililovimba.

"Inachoma, mwanangu."

"Tulia, Mama. Ndiyo uvimbe unatoka."

Alijua hajui. Asiyejua husamehewa, lakini anayejua kwamba hajui, akaendelea kwa sababu ya jirani, huyo ana hesabu ya kutoa. Alasiri goti lilikuwa na lengelenge kubwa kama yai la kwale, na bandani vifaranga wawili walikuwa wamekufa kwa baridi ya Julai.

Verediana alilia kidogo, kisha akamshika mama yule mkono. Hapakuwa na mlango mwingine wa karibu ila ule wa Judica.

"Shikamoo, mama," alisema Judica, akainama juu ya goti. "Umeungua na nini?"

"Chai, mwanangu," alijibu Mwanahawa upesi. "Mikono ya uzee hii."

Verediana angeweza kunyamaza. Heshima ya miaka ishirini ilikuwa imefunikwa vizuri kwa kikombe cha chai. Lakini uongo ule ulikuwa zawadi kutoka kwa mtu ambaye yeye ndiye aliyemwumiza, akaona aibu kuupokea.

"Si chai. Nimemuunguza mimi. Kwa taa ya vifaranga."

Judica hakucheka. Hilo lilimuuma Verediana zaidi, maana alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Judica alisafisha kidonda, akakifunga, kisha akawasha taa yake mwenyewe. "Weka mkono, dada."

Haikuchoma hata kidogo.

"Kidonda kipone kwanza, ndipo tuijaribu," alisema Judica. "Nayo haiui virusi. Wengine uvimbe unapungua, wengine nawarudisha hospitali."

Verediana alitamani Judica ajisifu, apate sababu ya kumchukia.

"Sasa nikipona," akauliza Mwanahawa, "kuku nampa nani? Mtagombania shingo?"

Kesho yake asubuhi Verediana aliingia bandani. Alimshika kwanza kuku mmoja aliyekonda, mgonjwa wa macho. Akamtazama, akamwachia. Akamkamata goti la Thadei, yule mwekundu anayetaga, akampakata, akatoka naye njia kuu, jua limeshachomoza na majirani wote wako nje.

"Wapi tena na kuku, Mama Vere?" aliita Otto kutoka dukani.

"Kwa Judica," alijibu. Wivu ulikuwa bado haujamtoka, lakini hakugeuka.