Karatasi Iliyokuwa Chini ya Kiti

Shangazi yangu alinifungulia mlango wa gereji ya nyumbani kwake, Brampton, akiwa na tabasamu la mtu aliyemaliza usafi wa sikukuu. Nilikuwa nimetoka Weston asubuhi, saa nzima ya foleni, kumkagulia gari la marehemu mumewe: Mmarekani wa zamani, mwekundu, injini ya silinda nane, paa la turubai la kufunua. Swali lilikuwa moja. Je, lilitoka kiwandani na turubai, au lilikuwa la paa la chuma ambalo mjanja fulani alilikata kwa msumeno?

Mimi kazi yangu ni kunyoosha bodi za magari. Nilishamwambia kwenye simu asiguse kitu. Sasa naikuta injini inang'aa kama sufuria za harusi. Alikuwa ameisugua kwa waya na sabuni, akaipaka rangi ya fedha, na namba zilizogongwa ubavuni, ambazo zingeonyesha kama injini ni ya gari lile tangu mwanzo, zimezama humo humo. Nikasema moyoni, tuvumilie. Nikainua kiti cha nyuma. Magari haya wakati mwingine huwa na karatasi ya kiwandani iliyosahauliwa kwenye springi, imeandikwa kila kitu kilichofungwa. Springi zilikuwa tupu, zimepanguswa.

Nikamuuliza kama alikuta karatasi. Akasema ndiyo, ya kahawia, imeliwa na panya, akaitupa. Gari la taka lilipita juzi. Angewezaje kumkaribisha mgeni kwenye uchafu wa panya?

Mgeni mwenyewe ni mimi. Mimi niliyekula ugali wake miaka mitatu nilipofika nchi hii. Nilipandisha sauti, na sijivunii. Nilimwambia amefuta ushahidi wote, mnunuzi gani atamsikiliza sasa.

"Nani kakwambia nauza?" aliniuliza.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaeleza. Miaka yote ya ndoa yao, kila walipokuja wageni, mumewe aliwaleta gereji awaonyeshe gari lake halisi, na yeye shangazi akawachekesha kwa kusema mzee ameuziwa bati lililokatwa. Mumewe alicheka nao. Sasa alitaka kujua tu.

Nikalala chini ya gari, bado nina hasira. Huko, kwa bahati, hakufika na waya wake. Fremu ilikuwa na vile vyuma vya ziada vya kuimarisha ambavyo kiwanda kiliyawekea magari yasiyo na paa la chuma, na kutu yake ilikuwa ya umri mmoja na fremu. Namba ya utambulisho wa gari kwenye dashibodi nayo ilisema turubai. Kama injini ni ya mwanzo, hilo sitalijua kamwe, na liliniuma.

Nikatoka, nikamwambia paa lile ni la kiwandani. Mzee alisema kweli.

Alichukua kitambaa, akafuta boneti ambayo haikuwa na vumbi.

"Haya, nimeamini," alisema. "Aliyetaka niamini ndiye hayupo."