Sala Yangu Juu ya Kaa

Juzi, sokoni Kadutu, muuzaji mmoja alikuwa na kaa watatu tu ndani ya beseni. Nikasikia tena kucha zao.

Nilipokuwa mtoto, Koko, mama yake maman, alitoka kisiwa cha Idjwi na gunia zima la kaa, akaliweka jikoni. Mchana kutwa walikwaruza, harufu ya matope ikajaa nyumba. Nilidhani wananitafuta, kwa kuwa niliwala wenzao. Nikapiga magoti, nikaomba Mungu awamalize wote.

"Unaomba nini, mutoto?" Koko aliuliza.

"Chakula."

"Omba sana. Kaa hizi zikiisha, sisi kule kisiwani tutakula nini?"

Juzi, pale sokoni, nilimwuliza muuzaji kaa wengine wako wapi.

"Ni hizi tu, maman. Kule Idjwi zilishaisha."

Najua ni udongo wa mashamba uliojaza vijito, ukawamaliza. Lakini tangu juzi naogopa kuomba.