Binti yangu anataka niungame uzinzi ambao sikuufanya

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka hamsini na sita. Nimezaliwa Kolwezi, Katanga, wazazi wangu wakitoka Kasai kwa kazi ya mgodi. Nilikuwa mhasibu mkuu wa kampuni ya madini hadi mwaka jana, nilipoacha mshahara ili niandike riwaya. Ofisini walicheka: "Mama comptable anaenda kuuza hadithi."

Miaka ya tisini, watu wa asili ya Kasai tulipofukuzwa Katanga, eti sisi ni wageni, mume wangu alikuwa Kasai kumzika baba yake. Nilingoja treni stesheni wiki nyingi na binti yetu wa miaka mitatu na mdogo wake aliyekuwa bado ananyonya. Yule mdogo akashikwa na surua. Tulifika Kasai kwa baba yake, mtoto akafa.

Sijamaliza kulia, mama mkwe akaniita mbele ya wakubwa wa ukoo. Kwetu kuna tshibawu: mke akienda nje ya ndoa asiungame, mume au watoto hufa. "Stesheni ilijaa wanaume," akasema. "Taja mmoja, tumalize." Sikuwa na wa kutaja. Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Wakabaki na binti, mimi nikaonyeshwa barabara.

Fujo zilipopoa nilirudi Kolwezi, nikapata kazi ya hesabu kwenye magazini, duka la Muhindi mmoja. Mke wake, tukinywa chai, akanisimulia hadithi ya miungu yao: malkia alitekwa, akarudi kwa mume, akaambiwa apite motoni aonyeshe kwamba ni safi. Moto haukumchoma. Mume akamfukuza hata hivyo. Mwishowe malkia aliiomba ardhi ifunguke, ikammeza. Hadithi hiyo nilitembea nayo hadi nikawa mkubwa kwenye kampuni. Katika riwaya yangu, iliyokwisha kuchapishwa, malkia analala stesheni, na hamezwi.

Binti yangu nilimpata tena akiwa mtu mzima. Ameharibikiwa na mimba mbili, sasa ana ya tatu. Ukoo wa baba yake umemwambia sababu ni mimi niliyekataa kuungama. Juma lililopita alikuja na kitabu changu mkononi.

"Mama, nimesoma yote. Iko muzuri. Lakini ule malkia wako hana mujukuu."

"Mwanangu, nikiungama nitakuwa nadanganya."

"Danganyako. Kitabu nzima umeandika mambo yenye haikufika. Jina moja tu ya mwanaume ndiyo inakushinda?"

Nikamwuliza nimtaje nani. Hakufikiri hata kidogo.

"Ule Muhindi wa magazini. Si alikufa? Maiti haiwezi kukatala."

Mjane wake yuko hai. Ndiye aliyenipa hadithi, na ndiye wa kwanza kununua kitabu. Nilipomkumbusha hilo binti yangu akasimama, mkono juu ya tumbo.

"Wakubwa wanafika siku ya Mungu. Usipokuja, na huyu akafa, usikuje kwenye kilio."

Miaka yote ya kazi sijatia sahihi hesabu nisiyoikagua. Na huyu binti ndiye mtoto pekee niliyebakiwa naye. Malkia wa wenzetu alifunguliwa ardhi. Hapa Kolwezi watu wanaichimba hadi chini ya vitanda vyao, lakini ni kwa ajili ya kobalti, si kwa ajili ya mwanamke.

Nyinyi mnaosoma, nimchafue marehemu na mjane wake, au nikae nyumbani na ukweli wangu? Nijibuni kabla ya Jumapili.