Gari Linalolala Mchana

Mama Maziwa hakuwahi kuwaheshimu watu wanaopenda vitu. Mtu akishapenda kitu, alikuwa akisema, haioni bei yake tena, na wa namna hiyo ni wa kumhurumia au kumuuzia. Yeye alianza na baiskeli na madumu mawili ya maziwa yaliyoning'inia kama masikio ya punda. Sasa alikuwa na chumba cha kupozea maziwa nyuma ya nyumba, pikapu, na zabuni ya hospitali, na kati ya hivyo vyote hakupenda hata kimoja.

Paneli za sola zilizokuwa juu ya bati lake alizinunua kwa bei ya kutupa, kwa mwenye baa aliyefilisika. Jamaa alikwenda kwenye semina, akapewa kofia na chupa ya maji, akarudi na paneli za kujaza paa zima bila betri hata moja ya maana. Na baa yake ilikuwa ikifunguliwa jua likizama.

"Alinunua jua la mchana kwa wateja wa usiku," Mama Maziwa alipenda kusimulia, "halafu akalaumu mawingu."

Kwake paneli zilifaa, kwa sababu maziwa ya jioni yaliletwa alasiri, umeme wa nguzo ukiwa umekatika kama kawaida yake. Tatizo lake lilikuwa pikapu. Juma lililopita ilikuwa imezimika katikati ya mlima wa hospitali, na maziwa yakafika yamechelewa, yakiwa ya vuguvugu. Msimamizi wa jiko alichovya kidole, akakifuta kwenye aproni, akasema hataki kuongea mengi: ikitokea tena, zabuni inakwenda kwa mwingine.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndiye aliyekuwa fundi wa ile pikapu. Alikuja, akafunua boneti, akalala chini, akainuka na mafuta mpaka kwenye kope.

"Injini hii haifi, shemeji."

"Najua haifi. Ila haiponi."

Ndipo akaja muuzaji wa magari ya umeme, kijana wa viatu vinavyong'aa, ambaye mtaa mzima ulikuwa umeshampa jina la Bwana Chaji. Alileta kigari cha mizigo cheupe, chenye sanduku nyuma, kimya kama paka mwizi.

"Mama, hili halinywi mafuta. Na sola unayo tayari. Utatembea bure."

"Ukisema bure mara nyingine, maliza chai yako uondoke."

Shemeji alikizunguka kigari akalipiga gurudumu teke. "Hili ni friji lenye matairi. Likinyeshewa litakukaanga humohumo ndani."

Mama Maziwa aliwatazama wote wawili kwa dharau ileile. Huyu alikula kwa gari jipya kununuliwa, yule alikula kwa gari la zamani kuugua. Walikuwa wamebishana tangu asubuhi kuhusu dunia nzima, moshi, barafu inayoyeyuka huko iliko na visima vya mafuta, na hakuna aliyemuuliza yeye anatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi.

Bwana Chaji alitaka kumzungusha kidogo pale barabarani, gari likiwa tupu.

"Tupu mimi nitabeba nini, hewa?" akamwambia. "Njoo alfajiri. Tunakwenda na mzigo."

Alikuja alfajiri na suti yake. Madumu yakapakiwa mpaka mlango ukafungwa kwa goti. Kwenye tambarare kijana aliongea bila kituo. Walipoanza mlima wa hospitali, asilimia za chaji kwenye dashibodi zikaanza kushuka kama mgonjwa wa kuhara, na maneno yake nayo yakakatika.

"Mbona kimya? Jana ulikuwa redio."

"Huu mlima, mama, si wa kawaida."

"Ni huuhuu wa kila siku. Hospitali haijahamia bondeni kwa ajili yako."

Walifika, wakashusha, wakamalizia wateja wa maduka, wakarudi nyumbani watu wa maofisini wakiwa bado wanakunywa chai. Chaji iliyobaki ilikuwa ya kuingilia uani tu. Bwana Chaji akachomeka waya kwenye soketi ya ukutani, ile ya sola. Mtambo wa kupozea ukaguna, ukakohoa, ukazima.

Shemeji, aliyekuwa akisubiri getini na njiti ya kiberiti mdomoni, alicheka mpaka akakalia ndoo.

"Chagua sasa, shemeji. Utembee au upoze."

Kijana aliukagua waya, akakagua soketi. Kwenye mafunzo yake hakuna aliyemwambia kwamba jua moja haliwezi kutumwa kazi mbili kwa wakati mmoja.

Mama Maziwa hakucheka. Alikuwa akiutazama mtambo uliozima. Ndani yake mlikuwa na nini saa ile? Maziwa ya asubuhi yalikuwa yameshauzwa. Ya jioni hayaji mpaka alasiri. Kila siku, jua likiwa kali kuliko wakati wowote, alikuwa akipoza chumba kitupu. Na gari la mtu wa maziwa lingelala uani mchana wote, wakati magari ya wenzake yakihangaika mjini.

Aliyaona yote hayo, akavaa sura ya msiba.

"Umenizimia mtambo, mwanangu. Na mlimani umeniaibisha. Gari lako lina njaa, siku ya mawingu nani atalilisha?"

"Mama, siku hiyo unachomeka umeme wa kawaida."

"Ule unaokatika? Au wewe una mwingine?"

Kijana akaenda nyuma ya ukuta kumpigia bosi wake. Alirudi na punguzo. Akarudishwa. Alirudi na punguzo na paneli za nyongeza. Akarudishwa tena, kwa sababu dhamana ya betri ilikuwa ya mdomo na Mama Maziwa aliitaka kwenye karatasi yenye muhuri. Jasho lilipofika kwenye tai, wakapatana.

"Tumepatana sasa, nalipa alasiri," alisema. "Lisipojaa, ondoka nalo."

Walipoanza kuingia wafugaji na maziwa ya jioni, gari lilikuwa limejaa. Mama Maziwa akachomoa waya, akawasha mtambo, ukaguna ukaendelea. Bwana Chaji alitazama gari, akatazama mtambo, akamtazama mama. Alikuwa ameelewa, lakini walikuwa wameshapeana mikono.

Mama Maziwa akamgeukia fundi. "Haya, shemeji. Pikapu ni yako. Nakupa kwa bei ya ndugu."

Shemeji aliizunguka kama hajawahi kuiona.

"Hii? Fremu imeoza. Gia ya pili ni ya kubahatisha. Na hiyo injini, mwaka mzima nimeishikiza kwa waya."

"Nilisikia haifi."

"Aa, shemeji, nawe. Mteja haambiwi hivyo."

Mama Maziwa akaiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo, naye shemeji akaombwa kusaidia kusukuma.

Asubuhi iliyofuata gari jeupe lilipanda mlima likiwa na mzigo wote. Msimamizi wa jiko alishika dumu, likiwa baridi, akasaini bila kuinua macho. Hakuuliza limekuja na gari gani. Mama Maziwa alimhesabu kuwa mtu pekee mwenye akili aliyekutana naye juma lile.