Kutoka Kariakoo Hadi Mikindani Kumzika Baba

Simu ya upepo ilinikuta Mtaa wa Kongo, niko kwenye cherehani yangu: baba amefariki, anazikwa kesho adhuhuri, Mikindani. Ilikuwa masika na Rufiji imefurika. Basi la kusini majira hayo mtu hupanda amenyoa akashuka na ndevu. Mimi ndiye mtoto wake wa kiume pekee, na nilitaka kumpokea baba kaburini kwa mikono yangu.

Mafundi wenzangu hawakuishia kwenye pole. Walichangishana kibaraza hadi kibaraza, na kabla ya magharibi nauli ya ndege ilikuwa mfukoni mwangu.

"Nenda, Saidi," Mzee Pazi, mkubwa wetu, aliniambia. "Sisi tutamsomea hapahapa."

Asubuhi, uwanja wa ndege, karani akaniambia ndege imejaa na nyingine ni mpaka Ijumaa. Nikakaa sakafuni kama mtoto. Mama mmoja mwenye baibui, aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, akaniuliza kisa, nikamweleza. Yeye alikuwa anaenda Mtwara kwa binti yake, Mwanaidi, mwenye mimba ya kwanza na siku zake zimetimia.

"Maiti hasubiri," akasema, akampa karani tiketi yake abadilishe jina. "Mjukuu nitamkuta tu. Mimi nitapanda basi."

"Mama, Rufiji imejaa."

"Itapungua. Wewe nipelekee nepi hizi na kanga. Mwanangu anakaa Chikongola, nyuma ya msikiti."

Nilimkabidhi nauli yangu. Nilimbusu mkono.

Angani ni kama kilomita mia nne tu, maana ndege haizunguki mito wala haikwami kwenye tope. Tulitumia saa moja na ushei, nami nimeshika kiti mpaka vidole vikauma. Chini niliiona Rufiji imetanda hadi mashambani. Nilimfikiria yule mama, nikaona haya.

Tuliposhuka Mtwara nilikimbilia Mikindani, si mbali na hapo, nikakuta jeneza limeshatolewa uani. Baba mdogo alinitazama kwa mashaka.

"Umetoka lini Dar?"

"Leo asubuhi."

"Leo hii?"

Walikuwa wananitazamia kwenye arubaini. Wakanipisha. Nikashuka kaburini, nikampokea baba, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo.

Kesho yake nilipeleka mzigo Chikongola. Mwanaidi alikuwa amejifungua alfajiri, amelala na kichanga ubavuni.

Kurudi sikupata ndege. Baada ya hitima nilipanda basi, maji yakiwa yameanza kupungua, na pantoni ikatuvusha Rufiji. Ng'ambo ya pili abiria wa kwenda kusini walikuwa wamelala juu ya mizigo yao. Kati yao alikuwa yule mama, baibui limejaa tope, anakula muhogo wa kuchoma. Mimi nimekwenda, nimezika, narudi. Yeye hajavuka mto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitambua. Nilidhani ataanza kumuulizia binti yake. "Ulimuwahi baba?"

"Nilimuwahi. Nimemzika mwenyewe."

"Alhamdulillahi." Akafumba macho kidogo. Ndipo akauliza, kwa sauti ndogo, "Na mwanangu?"

"Wote wazima, mama. Ni mtoto wa kike."

Wenzangu mliochanga mnaniuliza Mtwara kwa ndege ni muda gani. Ni saa moja na ushei, nami niliipata kwa sababu mama yule alikubali kulala kando ya mto.