Maziwa Juu ya Praima Mbichi

Gari la marehemu baba lilikaa miaka mingi chini ya kibanda cha mabati nyuma ya jikoni kwa mama, huku Kimulot, mahali ambapo hewa yenyewe ina maji. Sitataja kampuni iliyolitengeneza. Watu wa umri wangu wanalijua: ni lile gari refu la aina ya saluni ambalo walimu wakuu wa zamani walinunua bonasi ya chai ilipokuwa nzuri, wakaliendesha hadi kanisani polepole ili waonekane. Baba aliliendesha hivyo hata alipokuwa amechelewa.

Mimi ninafundisha falsafa chuoni mjini Kericho, kazi ambayo haijawahi kuondoa kutu kwenye kitu chochote. Lakini daktari alimwambia mama kwamba presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya kuona kwake, na dawa zitachelewesha tu kilichobaki. Tulipotoka kliniki hakulia. Alisema, "Ile gari ya baba yako, ningependa kuiona ikitoka kwa geti kabla macho hayajafunga."

Basi, nikageuka fundi.

Injini haikunisumbua, kwa sababu sikuigusa. Fundi kutoka Sotik alikuja akaifufua, akaenda zake. Tatizo lilikuwa bodi. Nilitoboa sakafu kwa kidole, nikapata mtu wa kuchomelea viraka, kisha mimi mwenyewe nikaanza kupiga msasa. Wikendi baada ya wikendi nilirudi darasani Jumatatu mikono ikitetemeka kiasi kwamba wanafunzi walidhani nimeanza kunywa. Mwishowe chuma kikabaki kitupu, kikang'aa.

Chuma kitupu huku kwetu hakilali. Ukikiacha jioni kikiwa cheupe, asubuhi kimeota wekundu kama shavu la mtoto mwenye homa. Ndiyo maana nilihitaji praima ya epoksi. Hiyo ni rangi ya kwanza kabisa, inayokuja katika mikebe miwili, praima yenyewe na hadna yake, dawa ya kuigandisha. Ukishazichanganya zinaanza kushikana zenyewe na hakuna kuzitenganisha. Ikikauka inashika chuma na kuzuia unyevu. Lakini ikiwa bado mbichi inaogopa vitu vyote ambavyo Kimulot inavyo kwa wingi: umande, mvua, vumbi la ng'ombe, na mafuta ya aina yoyote, hata ya kidole.

Umande hukauka asubuhi jua likishapanda, na mvua huja baada ya chakula cha mchana. Mpulizaji rangi ana nafasi hapo katikati tu. Nilizungushia kibanda karatasi za plastiki, nikaosha chuma kwa thina kuondoa mafuta, nikavaa ovaroli na barakoa yenye vichujio viwili. Mke wangu alinikagua kabla hajaenda kazini. Yeye ni mtu wa upande wa ziwani, karani wa kiwanda cha majani chai, na ni kwa ajili yake Kiswahili ndicho lugha ya nyumba yetu.

"Profesa," akasema, jina analoniita kwa sababu sijawa profesa, "ukitoka nje hivyo, ng'ombe watajipanga. Watadhani umekuja kuwapulizia dawa ya kupe."

Nilipuliza mkono wa kwanza wa rangi, nikangoja, nikapuliza wa pili. Gari likawa kijivu, laini, limelowa, bila ufa wala doa. Naomba niaminiwe: lilikuwa jambo zuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Nikaenda nyuma ya nyumba kuosha bunduki ya kupulizia rangi kabla haijaganda.

Kosa langu lilikuwa limeshafanyika wakati wa chai ya asubuhi. Mama aliniuliza leo ninafanya nini, na mimi, nikitaka kuonekana mshairi, nikamjibu kwamba leo gari linapata ngozi mpya.

Sasa, huku kwetu kitu kipya hakiachwi hivi hivi. Mtoto akizaliwa, bibi harusi akiingia, kijana akinunua pikipiki, mzee huchukua maziwa kinywani na kuyapuliza juu yake kwa baraka. Sisi ni watu wa kanisa, na mchungaji analijua jambo hili. Likifanyika hutazama pembeni. Niliporudi nilimkuta mama ndani ya zile karatasi za plastiki, ameshika sotet, kile kibuyu chetu cha maziwa, akilizunguka gari kwa hatua ndogo. Alikuwa amemaliza boneti na paa. Alikuwa anaelekea buti.

"Mama, unafanya nini?"

"Nabariki."

"Praima bado iko mbichi, Mama."

"Hata mtoto huzaliwa akiwa mbichi." Akapuliza buti.

Nimesomea hoja na majibu yake kwa miaka mingi. Nilisema, "Asante, Mama," nikamshika mkono nikamtoa nje, kisha nikarudi ndani kukagua hasara. Maziwa yana mafuta, na kila tone lilipoangukia, praima ilikimbia pembeni, ikaacha kishimo chenye ukingo na chuma kitupu katikati. Vishimo vilikuwa mamia.

Mke wangu aliporudi alilizunguka gari. "Hii gari imeshikwa na tetekuwanga?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakalia mkebe wa maziwa. Kisha akaacha kucheka. "Umemwambia?"

"Bado. Nitapiga msasa siku ya kliniki, akiwa hayupo."

"Na ukishindwa kumaliza?"

"Nitasema ni hali ya hewa."

Akanitazama kama ninavyotazama wanafunzi fulani. Tulipoketi na mama kunywa chai alimwambia bila sherehe: "Mama, yale maziwa yameharibu praima. Lazima ipigwe msasa, irudiwe."

Mama akaweka kikombe chini. "Na huyu aliniambia asante."

Nikatazama sukari.

"Weri," akasema, ndivyo anavyoniita, yaani kijana, ingawa nina mvi, "kitu inaisha ni macho. Akili bado."

Akaniuliza kurudia kutachukua muda gani, na mimi, nikiona haya, nikaanza kueleza kama niko darasani. Ikauke kabisa, ipigwe msasa, ioshwe, irudiwe. Halafu puti ya kuziba mabonde, halafu praima nyingine ya kulainisha, halafu rangi ya krimu kama ile ya zamani, na niipate ileile hasa. Kwa mvua hizi, labda baada ya Krismasi.

Wiki iliyofuata nilipiga msasa, na mama akaja kusaidia bila kuitwa. Alipitisha kiganja juu ya boneti, akisimama kila alipohisi kishimo. "Hapa. Na hapa, umeruka." Hakuomba msamaha na mimi sikutaka auombe. Niliporudia kupuliza, aliketi mbali kwenye kiti cha plastiki, sotet mapajani, kama askari aliyepokonywa bunduki. Praima ilikaa vizuri.

Ilipokauka nilikuwa nikipanga juani vipande vya mfano vya rangi ya krimu, nikimweleza tofauti zao, ambazo hata mimi nilikuwa sizioni vizuri.

"Kwani nilisema nataka kuona rangi?" akauliza.

"Ulisema unataka kuliona gari."

"Nilisema ikitoka kwa geti."

Mke wangu, aliyekuwa akianua nguo, alisema tu, "Betri imejaa. Nilimwambia fundi aichaji."

Tulirudisha kiti cha dereva. Vioo vya madirisha havikuwapo, wala vya pembeni. Mama akapelekwa getini, mke wangu akimshika kiwiko. Nikawasha. Gari likakohoa, likakubali. Nilipompita alinyoosha mkono akagusa ubavu wa kijivu, nami nikasimama kwa heshima.

"Baba yako hakuwa anasimama hapa," akasema. "Enda."

Nikaenda, polepole kama baba, nikapita kituo cha kuuzia majani chai ambapo majirani waliokuwa kwenye foleni waliweka vikapu chini kutazama. Nikatoa kichwa nje kutazama nyuma. Mama alikuwa ameweka kiganja juu ya macho, uso wake ukifuata barabara. Baada ya kona nikageuza.

Nilipofika getini mke wangu aliinama dirishani. "Alikuwa akinitajia kila inapofika," akasema kwa sauti ya chini. "Iko kwa miti. Iko kwa watu. Sasa imepotea."

"Ilipotea kwenye kona, au kabla?"

Alimtazama mama, aliyekuwa bado ameelekeza uso barabarani.

"Pita tena," mke wangu akasema. "Usiende mbali."

Nikarudi nyuma ndani ya boma, nikapita tena.